Goti la Mchezaji na Ulimi wa Mtazamaji



Mimi ni mtu wa pwani kama wewe, lakini riziki imenileta huku mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoa wa Ruvuma, ambako nasomesha watoto chuoni. Ukitoka Mbinga mjini, penye vilima vya Wamatengo na mibuni yao na makonde yao ya ngoro, unateremka kwa barabara ya lami mpaka Mbamba Bay, na ghafla unayaona maji mbele yako hata ukadhani umefika Kilwa. Mitumbwi imepandishwa mchangani, usipa umeanikwa, na upepo unavuma kama wa kwetu. Tafauti ni moja tu, kwamba hapa jua halichomozi majini bali linazama majini. Na kila jioni, kabla halijazama, vijana wanapiga mpira ufukweni mpaka wanapoisikia adhana ya Magharibi.

Sikuzileta khabari hizi kwa ajili ya kuusifu mji. Nimezileta kwa sababu ya neno moja nililolisikia usiku mmoja nikirudi msikitini baada ya Isha, nilipopita mbele ya kibanda kinachoonyesha mipira ya Ulaya. Vibanda hivi watu wameviita "vibanda umiza", na utaona mbele kwamba aliyevipa jina hilo hakukosea. Vijana walikuwa wakibishana juu ya wachezaji wa Afrika Mashariki waliofika mbali. Mmoja akamtaja Victor Wanyama wa Kenya. Mwengine akadakia, "Yule? Yule garasa tu. Tottenham walitupa pesa zao." Wakacheka wote. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, kijana aliyekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa karibu na mlango, mguu wake wa kulia ameunyoosha mbele, kwani haukunjiki. Huyu nitamrejea.

Nilikwenda nyumbani na neno lile likinizunguka kichwani. Na leo nataka, ndugu msomaji, tulipime neno hilo pamoja na wale walilolifundisha kwa vijana wetu, yaani wachambuzi wa redioni na magazetini na sisi wasikilizaji wao.

MTU MWENYEWE NI NANI?

Haifai kumhukumu mtu kabla ya kumjua. Victor Wanyama alizaliwa Nairobi mwaka 1991 katika nyumba ya mpira. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards. Kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa katika kikosi cha Inter ya Italia kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010, na hapana Mkenya aliyelipata jambo hilo kabla yake. Victor alitoka nyumbani akiwa kijana mdogo, akapita Ubelgiji, na mwaka 2011 akaingia Celtic ya Scotland.

Tarehe 7 Novemba 2012 Barcelona, timu iliyokuwa ikiogopwa dunia nzima, ilikwenda Glasgow kucheza na Celtic. Mpira ukapigwa kutoka pembeni, Wanyama akaruka juu ya watu, akaupiga kichwa ukaingia wavuni. Celtic wakashinda 2 kwa 1. Bao lile lilikuwa la kwanza kufungwa na Mkenya katika mashindano ya mabingwa wa Ulaya. Mwaka 2013 Southampton wakamnunua kwa pauni milioni 12.5, naye akawa Mkenya wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza. Mwaka 2016 akahamia Tottenham ya London.

Kazi yake uwanjani ilikuwa ile inayoitwa ya kiungo mkabaji. Asiyeujua mpira huiona kazi hii kuwa si kitu, kwa kuwa mwenye kuifanya hafungi sana wala hachezi chenga za kufurahisha. Lakini yeye ndiye mlango wa nyumba. Mlango hausifiwi siku zote ulipofungwa ukazuia mwizi. Hutajwa siku ile tu ulipovunjwa. Msimu wake wa kwanza Tottenham, baina ya 2016 na 2017, katika michezo 38 ya ligi alicheza 36. Timu ikamaliza ya pili. Hapo hapakuwa na mtu aliyesema garasa.

Kisha, mwezi wa Agosti 2017, msimu mpya ndio kwanza umeanza, likaumia goti. Akakaa nje miezi. Aliporudi alicheza, akaumia tena, akarudi tena. Basi hebu zitazame hesabu zake za ligi katika misimu ile minne: 36, kisha 18, kisha 13, kisha 2. Ni kama maji yanayokupwa. Mwezi wa Machi 2020 akaondoka Uingereza, akavuka bahari kwenda Montreal, Kanada.

Hizo ndizo hesabu ambazo mchambuzi anazisoma, akafunga daftari, akatoa hukumu. Nami naona hukumu hiyo ina makosa matatu.

KOSA LA KWANZA: KUSOMA UKURASA WA MWISHO

Kosa la kwanza ni kumsoma mtu kwa ukurasa wake wa mwisho, ukazichana kurasa za kabla. Na hata ukurasa wenyewe haukusomwa vizuri. Tarehe 4 Februari 2018, katikati ya mwaka ule ule wa ugonjwa, Tottenham walikuwa Liverpool wakiwa nyuma kwa bao 1. Wanyama akaingizwa kutoka benchi. Haikupita dakika nyingi, mpira ukamjia nje ya eneo la hatari, akaupiga kwa nguvu zake zote ukaingia juu ya wavu. Mchezo ukaisha 2 kwa 2. Mwezi wa Mei 2019, Tottenham walipokwenda Amsterdam kucheza nusu fainali ya Ulaya, aliyeanzishwa katikati alikuwa yeye. Mwezi uliofuata akaiongoza Kenya katika kombe la Afrika huko Misri, na sisi Watanzania tunakumbuka vizuri, maana tarehe 27 Juni mwaka huo walitufunga 3 kwa 2 na yeye ndiye aliyevaa kitambaa cha unahodha.

Na huko Montreal, walikosema amekwenda kufia, alicheza misimu kadhaa, na mwaka 2021 klabu yake ikatwaa kombe la Kanada. Garasa gani hilo?

Sisemi kwamba kila jambo lake lilikuwa zuri. Uhakiki si kusifu tu. Alikuwa mtu wa kucheza rafu, na kadi nyekundu alizipata Southampton zaidi ya moja. Na baada ya goti kuumia, wepesi wake wa kugeuka ulipungua; anayelikanusha hilo hakumtazama. Lakini kusema "amepungua kwa sababu ameumia" ni uhakiki, na kusema "alikuwa hana kitu tangu hapo" ni uzushi. Uhakiki na uzushi hufanana sauti, ila kimoja kina mizani na kingine hakina.

KOSA LA PILI: KUITA UGONJWA UVIVU

Kosa la pili ni kuuita ugonjwa uvivu. Nimewasikia mara nyingi: "Anajifanya mgonjwa." "Anakula mshahara wa bure." Msemaji mwenyewe hajui ndani ya goti mna nini.

Basi na tulijue. Goti ni bawaba inayobeba mwili mzima. Mbele iko ile pia ya goti. Pembeni na katikati ziko kano zinazoufunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Na baina ya mifupa hiyo miwili yamo magegedu mawili yaliyopindika kama mwezi mwandamo, hata waganga wa Kiarabu wameyapa jina la hilali. Magegedu hayo ndiyo mito inayozuia mfupa usisage mfupa. Sasa hikima yake ni hii: sehemu yake ya ndani haifikiwi na damu. Nyama ikikatika damu huileta dawa, ngozi ikichanika damu huileta dawa, lakini gegedu likichanika upande wa ndani halina mtu wa kuliletea, kwa hiyo haliungi lenyewe. Mgonjwa hupumzika, uvimbe ukapungua, akadhani amepona. Akirudi mbioni, linajibu.

Na jambo jengine ni kwamba mguu ni jamaa moja. Kiungo kimoja kikiuma, mwenyewe hutembea kwa kukikwepa bila ya kujua, na mzigo ukaangukia kiungo kingine ambacho hakikuumbwa kuubeba. Mtazame Abou Diaby, kijana wa Kiislamu wa Ufaransa, wazazi wake wa Ivory Coast. Aliingia Arsenal mwezi wa Januari 2006, mrefu, mwepesi, wakisema atakuwa katika viungo bora wa Ulaya. Tarehe 1 Mei mwaka ule ule, mchezo karibu unakwisha na Arsenal wakiongoza, akapigwa rafu mbaya ikamvunja kifundo cha mguu. Alikuwa hajatimiza miaka 20. Akapona akarudi, na mwaka 2010 akaichezea Ufaransa katika kombe la dunia. Lakini mguu haukuwa ule tena. Leo kifundo, kesho misuli ya nyuma ya mguu, keshokutwa paja, na mwaka 2013 ukano wa goti. Misimu yake miwili ya mwisho Arsenal michezo yake ilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2019 akastaafu. Rafu ile ilikuwa ya sekunde 1, na yeye aliilipa miaka 13.

Mtu huyu tumwite mvivu? Mvivu angaliondoka zamani. Anayefanya mazoezi peke yake mwaka mzima, wenzake wakicheza naye hachezi, akapona, akavunjika, akaanza tena alif kwa kijiti, huyo ana subira ambayo wengi wetu hatuna hata ya kungojea foleni ya sukari.

Na hilo neno "garasa" limetoka wapi? Limetoka katika karata. Garasa ni karata isiyo na thamani, ile unayoitupa. Ndugu msomaji, lugha haisemi uwongo. Ukimwita mtu garasa umekiri kwamba kwako wewe yeye ni karata, na mwenye karata mkononi yumo mchezoni. Vijana wale pale kibandani, nusu yao walikuwa na vikaratasi vya kubeti mifukoni, wanaviita "mikeka". Mchezaji akiumia dakika ya 10 hawasemi "maskini". Wanasema "amenichania mkeka". Hapo ndipo ilipo sumu ya kamari ambayo Mwenyezi Mungu ameitaja katika Suratul Maida pamoja na ulevi. Wengi hudhani ubaya wake ni pesa kupotea. Pesa ni kitu kidogo. Ubaya wake mkubwa ni kwamba inakufanya uone mfupa wa mwanadamu umevunjika mbele ya macho yako na moyo wako usitikisike ila kwa hasara yako.

KOSA LA TATU: KUTOULIZA NANI ALIMCHEZESHA

Kosa la tatu ni kwamba mchambuzi humuuliza mgonjwa "mbona huchezi?", wala hamuulizi aliye mzima wa akili "mbona ulimchezesha?" Ziko sindano za kuyanyamazisha maumivu. Maumivu ni bawabu wa mwili. Amewekwa mlangoni apige kelele moto ukiingia. Ukimziba mdomo bawabu, moto haujazimika. Klabu kubwa za Ulaya zina madaktari na vitanda na mashine, na bado wachezaji wao wanaharibika. Basi huku kwetu mchangani, ambako kocha ndiye daktari na dawa ni maji ya baridi na maneno "kaza roho", itakuwaje?

Watu wa mkoa huu si wageni wa mpira. Majimaji ya Songea ilitwaa ubingwa wa Muungano miaka ya 1985, 1986 na 1998, ikawapita Simba na Yanga, na wazee wa hapa wakiyasimulia macho yanang'aa. Kila kijana wa Lituhi na Liuli na Mbamba Bay anaota kupanda mlima kwenda Mbinga, kisha Songea, kisha Dar es Salaam. Ndoto si dhambi. Lakini kwa kila mmoja anayefika, hatuwahesabu walioachwa njiani na magoti yao.

KOSA LANGU MIMI

Baada ya kuwahukumu wachambuzi, uadilifu unataka nijihukumu na mimi, maana sisi walimu wa dini tuna kosa letu.

Yule kijana wa kwenye ndoo alikuwa mwanafunzi wangu. Alihitimu msahafu kwangu. Alikuwa akicheza mpira vizuri sana, na mimi nilikuwa sipendi. Siku moja palikuwa na mashindano ya kugombea mbuzi, timu za vijiji vya mwambao, naye akaangukiwa goti likavimba kama dafu. Jioni akaja kwangu akichechemea. Nadhani alikuja kutaka dua, au alikuja kwa kuwa hana baba. Nami nikamwambia nini? Nikamwambia, "Si nilikukanya? Mpira ndio huo. Hayo ndiyo malipo yake."

Hakunijibu. Akasema, "Shikamoo sheikh," kama mtu anayeaga, akaenda zake. Hakurudi darasani. Mtu mmoja akamchoma sindano, akacheza michezo mitatu mengine, na katika wa tatu goti likajifunga, halikunjuki wala halikunjiki sawasawa mpaka leo.

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Kijana yule alikimbilia zizini, na mlinda zizi nikamfungia mlango. Je, tafauti yangu na yule aliyecheka kibandani ni ipi? Yeye alisema garasa kwa lugha ya karata. Mimi nilisema garasa kwa lugha ya dini. Na langu ni kubwa zaidi, kwani yeye hakujua, nami nilikuwa nimesoma.

Nilikuwa nimesoma kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, mara ya kwanza akashindwa naye na mara ya pili akamshinda, wakafurahi. Nilikuwa nimesoma kwamba Mahabushia walicheza mikuki msikitini Madina mbele yake, naye hakuwakataza. Mchezo wa kuutia mwili nguvu, usiopoteza Sala wala kufichua tupu wala kutiwa kamari, sio adui wa dini. Na nilikuwa nimesoma kwamba mabedui walipomuuliza kama wajitibu aliwaamrisha wajitibu, akawajulisha kwamba hapana maradhi ila yana dawa, isipokuwa uzee. Haya yote nilikuwa nayo kifuani siku ile, na nikampa kijana yatima lawama badala ya dawa.

NGAMIA WA MTUME

Kiko kisa ambacho laiti ningalikisimulia siku ile. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia wake jike aitwaye Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia mchanga wa kupanda, akampita. Waislamu wakaona uzito mkubwa nyoyoni mwao. Mtume alipoyaona hayo katika nyuso zao akawafahamisha kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kuwa hakitukuki kitu katika dunia ila hukiteremsha.

Tazama adabu ya kisa hiki. Adhbaa hakutukanwa. Hakuambiwa kwamba hakuwa na mbio tangu zamani. Wala bedui hakunyimwa ushindi wake. Na wale waliohuzunika hawakukaripiwa; walifundishwa. Mpanda ngazi hushuka, huo ni mwendo wa dunia, na anayemcheka ashukaye huku yeye mwenyewe yuko kwenye ngazi hiyo hiyo ni mtu asiyeangalia anapokanyaga. Goti la Wanyama lilishuka akiwa na miaka 26. La kwangu linashuka sasa, nami sijawahi kupiga kona hata moja.

TUFANYEJE BASI?

Sipendi makala yanayolaumu kisha yakaaga. Nawaomba wazazi wa pwani na wa ziwani mambo manne.

Kwanza, mtoto akiumia mpe nafasi ya kusema. Kijana huficha maumivu kwa sababu mbili: anaogopa wenzake watamcheka, na anaogopa wewe utamgombeza. Ya kwanza huiwezi. Ya pili imo mkononi mwako.

Pili, goti lililovimba lipelekwe hospitali kabla ya mkandaji na kabla ya sindano ya mtu wa mtaani. Lisikandwe likiwa na moto, lisirudishwe uwanjani kwa sababu fainali ni Jumamosi. Fainali nyengine itakuja. Goti jengine haliji.

Tatu, kila timu ya mtaa iwe na kisanduku. Mkiweza kuchangishana kununua jezi na mbuzi wa zawadi, mnaweza kuweka kidogo kwa ajili ya atakayeumia akiwachezea. Timu inayomshangilia mtu akiwa mzima na kumsahau akiwa kitandani si timu, ni genge.

Nne, kijana awe na kazi ya mkono pamoja na mpira. Mwenye miguu tu, siku miguu ikikataa hana kitu. Mwenye jembe, au sindano ya nyavu, au kalamu, ana mlango wa pili.

Na ninyi wachambuzi, siwaambii mnyamaze. Semeni mchezaji amecheza vibaya akicheza vibaya. Lakini mkifika kwenye jina la mgonjwa, tueni kidogo, mkumbuke kwamba mnamsema mtu ambaye labda usiku hawezi kupanda ngazi ya nyumba yake.

DAFTARI MBILI

Namalizia kwa hili. Yako daftari mawili. Daftari la ligi linaandika 36, kisha 18, kisha 13, kisha 2, na mchezo ambao mtu hakuucheza halimwandikii kitu. Hilo ndilo daftari la dunia, nalo si la uwongo, lakini ni fupi. Ama daftari la pili, Mtume (S.A.W.) ametujulisha kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na yuko mjini kwake. Aliyekuwa akisimama usiku na sasa hawezi kusimama, kalamu haikukoma. Aliyekuwa akienda msikitini kwa miguu na sasa miguu imekataa, kalamu haikukoma.

Nilimwendea yule kijana. Sikwenda siku ya pili baada ya usiku ule wa kibandani. Ilinichukua siku tatu, maana kuomba radhi kwa mwanafunzi ni kuzito kwa mwalimu. Nilimkuta ufukweni, mguu ameunyoosha, anashona nyavu za watu. Nikakaa chini mchangani, nikamwambia neno nililokuwa nikidaiwa. Alikaa kimya kitambo. Kisha hakunijibu kuhusu mpira wala kuhusu siku ile. Aliniuliza mas'ala. Akasema, "Sheikh, viungo vya sijda si saba? Paji la uso, viganja viwili, magoti mawili, na ncha za miguu miwili. Mimi goti moja halifiki chini. Sala yangu imo?"

Ndugu msomaji, kumbe kijana yule aliacha darasa langu lakini Sala hakuiacha, na miezi yote ile alikuwa akisali na wasiwasi huo peke yake, kwa sababu mtu wa kumuuliza alikuwa ameshamfungia mlango. Nikamsimulia khabari ya Imran bin Huswain, Mwenyezi Mungu amridhie, aliyekuwa na maradhi akamwendea Mtume akaulizia Sala yake, akaelekezwa asali kwa kusimama, na akishindwa asali kwa kukaa, na akishindwa asali kwa ubavu. Nikamwambia sala yake imo. Nikamwambia ainame kadiri anavyoweza, na goti lile lisilofika chini Mwenyezi Mungu analijua lilipo.

Akashona matundu mawili matatu ya wavu bila ya kusema. Kisha akaniuliza darasa la Alkhamisi bado liko saa ile ile.

Bado liko saa ile ile. Tumemwekea kiti.

Wabillahi tawfiq.